Zile "tu-" zilizonikwamisha: kuomba cheo serikalini Uingereza

Jibu la kwanza lilikuja saa nne kasoro asubuhi nikiwa kazini, simu nimeilaza kifudifudi pembeni ya kibodi, nikaigeuza nikaona imeili kwamba kuna mabadiliko kwenye ombi lako, tafadhali ingia kwenye akaunti. Humo kwenye imeili hawakwambii kitu. Nikaenda nayo chooni, intaneti inazunguka inazunguka, halafu ikafunguka: samahani, safari hii hujafanikiwa. Chini yake kulikuwa na namba moja tu, 3. Hakuna maelezo, hakuna "ungefanya hivi", ni 3 peke yake, nikarudi kwenye kiti nikaendelea na mafaili ya watu mpaka saa kumi na moja jioni na sikumwambia mtu.

Naandika haya kwa ajili ya watu wetu waliopo huku Uingereza ambao wako ndani ya utumishi wa serikali na wamekaa ngazi moja miaka na miaka, maana nawajua, nimekaa nao, wengine nimewaacha bado wamekaa. Na kwa wale ambao hata hawajajaribu kwa kudhani kazi za serikali huku ni za Waingereza tu. Si kweli. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, yaani Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, akiwa na haki ya kufanya kazi huku anaweza kuomba nafasi nyingi tu, isipokuwa zile zilizotengwa kwa raia wa Uingereza peke yao, na tangazo lenyewe litasema.

Mimi nilikuwa AO, mwaka wangu wa tano. Kwa asiyejua, ngazi zinaanzia AA, inafuata AO, EO, HEO, SEO, halafu Grade 7, Grade 6, na juu kabisa ndo wale wakubwa wa Senior Civil Service. Idara yangu siitaji, bado nakula mkate wao, ila kazi yangu ilikuwa kushughulikia mafaili ya watu wanaoomba msaada wa serikali. Watu wapya wakija mimi ndo nawafundisha. Mfumo ukigoma mimi ndo naitwa. Meneja akiwa likizo watu wanakuja kwenye meza yangu. Na mimi kichwani nilikuwa najua kabisa kwamba wanaona, kwamba siku moja nitaitwa nitaambiwa umefanya vizuri, kuanzia mwezi ujao utakuwa EO. Nilisubiri hiyo siku miaka minne.

Hiyo tabia ya kusubiri nimeitoa nyumbani. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Muheza, na nyumba yetu ilikuwa inaishi kwa neno moja, daraja. Mtumishi anakaa miaka yake kwenye daraja kama muundo wa utumishi unavyosema, anafanya kazi vizuri, bajeti ikiruhusu anapandishwa, barua inakuja. Nakumbuka baba alivyokuwa akirudi na baiskeli mama anamtazama usoni kwanza kabla ya shikamoo zetu, kuona kama barua imekuja. Ilichelewa sana ile barua. Lakini hata siku moja sikumsikia akisema ngoja niende nikaseme mimi ni mwalimu mzuri, asingeweza, kwake huo ungekuwa utovu wa adabu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ndo alikuwa anatwambia. Najua mambo yamebadilika nyumbani, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, OPRAS, umeondoka umekuja PEPMIS tangu mwaka wa fedha 2023/24, mtumishi anaingiza kazi zake mwenyewe mtandaoni na msimamizi wake anapima, binamu yangu kila siku analalamika kuhusu kuingiza taarifa, ila bado kuna mtu juu yako anayekutazama na kukupima.

Huku hayupo. Hili ndo lilinichukua miaka minne kulielewa. Meneja wako hata akupende vipi hana mamlaka ya kukwambia kuanzia kesho wewe ni EO. Nafasi inatangazwa kwenye tovuti ya Civil Service Jobs, nyingine kwa watu wa idara tu, nyingine kwa serikali nzima, nyingine kwa mtu yeyote wa mtaani, na wewe uliyekaa pale miaka mitano unaomba kama wengine, unafanya mitihani kama wengine, unachujwa kama wengine.

Na kuna sababu yake, nilivyoisoma hasira zikapungua. Zamani kazi za serikali ya Uingereza zilikuwa za kupeana, mtoto wa fulani, mpwa wa fulani, bwana mkubwa ana kijana wake hana kazi basi atafutiwe kiti. Mwaka 1854 Stafford Northcote na Charles Trevelyan wakaandika ripoti wakisema hapana, watu waingie kwa mtihani na wapande kwa uwezo, mwaka uliofuata 1855 ikaundwa Tume ya Utumishi wa Umma, na 1870 ndo mtihani wa wazi ukaenea kwenye idara nyingi. Leo imeandikwa kwenye sheria ya 2010 kwamba kuingia ni kwa uwezo, kwa ushindani wa haki na wa wazi. Tena toka 2015 waliposema majina yafichwe, anayesoma ombi lako haoni jina lako, haoni umesoma Muheza au Oxford. Mwenzenu mimi ambaye jina langu watu wa huku hawawezi kulitamka mpaka leo, hilo jambo nalithamini sana, nalithamini kweli kweli. Ila lina upande wake wa pili. Mtu asiyekuona jina hakuoni na ile miaka mitano, hawaoni wale watu wapya uliowafundisha, haoni chochote isipokuwa yale maneno yaliyopo kwenye ukurasa.

Kabla hujafika kwenye maneno kuna mitihani ya mtandaoni. Si kila nafasi ina mitihani, ila za ngazi za chini na za kati nyingi zinayo. Kuna wa lugha, unapewa kifungu unasoma unaambiwa hoja gani inafuata kutoka humo na ipi haifuati. Kuna wa hesabu, majedwali, asilimia, chati, na kikokotoo kinaruhusiwa. Halafu kuna wa maamuzi, unawekewa hali ya kazini na hatua kadhaa, unasema kila hatua inafaa kiasi gani. Mimi wa hesabu niliufanya saa tano usiku mezani jikoni, watoto wamelala, kikokotoo cha binti yangu cha shule chenye stika za vipepeo, na matokeo yaliponiambia nimefanya vizuri kuliko asilimia 58 ya watu wa kulinganisha nikadhani nimepata 58 kwa mia, nikalia. Kumbe si alama. Hiyo namba ni nafasi yako kati ya wenzako, na nilikuwa nimepita. Kwa hiyo ukiiona usinywee, soma kwanza imeandikwa umepita au hujapita. Na fanya ile mitihani ya mazoezi iliyopo pale pale, ni ya bure, watu wanairuka kwa haraka halafu wanakuja kushangaa namna maswali yalivyopangwa.

Wa maamuzi ndo uliniumiza kichwa. Maswali yenyewe siyasemi, tumeombwa tusiyatoe, lakini chukulia hali kama hii: mwenzako aliyekuzidi umri sana amekosea kitu na hajaona. Mimi nilivyolelewa, mtu mzima hakosolewi, unarekebisha kimya kimya unamfichia aibu. Ile huruma si mbaya, sitaki mtu aniambie ni mbaya. Ila kama faili lile ni la mama mwenye watoto watatu ambaye atakosa hela yake, kosa likifichwa litarudi kesho kwenye faili la mwingine. Nikajifunza kujiuliza kila swali, anayeumia hapa ni nani, na kanuni za utumishi zinasemaje, maana ziko nne tu: uadilifu, ukweli, kuamua kwa ushahidi, na kutopendelea. Nilivyoanza kujibu kutokea hapo, mtihani ukawa unapitika.

Basi, mitihani nilipita mara zote tatu. Palipokuwa pananiua ni mchujo wa maandishi.

Toka 2018 wana utaratibu unaoitwa Success Profiles, na ndani yake kuna vitu wanaviita bihevia, yaani mienendo ya kazini, ziko tisa, kama kufanya maamuzi yanayofaa, kufanya kazi na wenzako, kukamilisha kazi kwa wakati. Tangazo linakutajia mbili au tatu au nne, na kwa kila moja unaandika mfano wa kweli kutoka maishani mwako, mara nyingi kwa maneno yasiyozidi 250. Wachujaji wanatoa alama 1 mpaka 7. Moja ni hujaonyesha kitu, saba ni umewashangaza. Kupita kwa kawaida ni 4, yaani inakubalika. Ile 3 yangu ya chooni maana yake umeonyesha kiasi. Na waombaji wakizidi wanasoma bihevia moja tu kwanza, ile kuu iliyotajwa kwenye tangazo, ukianguka hapo hizo nyingine ulizokesha nazo hazifunguliwi kabisa. Ndo maana niliona namba moja peke yake.

Mara ya pili nikapata 3 na 3. Hapo nikasema basi, hawa watu hawanitaki.

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa Mombasa, yeye ni SEO kwenye idara nyingine kabisa, tulikutana msibani, kwenye kupiga soga kama kawaida yetu nikamwambia. Akasema nitakuja kwako Jumapili, zichape hizo karatasi. Akaja kweli, na mahamri, akakaa mezani akatoa kalamu nyekundu, akasoma mara moja hasemi kitu. Halafu akaanza kuzungushia duara. Mfano wangu kwa Kiswahili ulikuwa unasema hivi:

"Timu yetu ilikuwa na changamoto ya barua nyingi kurudi. Tulikaa pamoja tukajadili, tukagundua tatizo liko kwenye anwani. Tulishirikiana na wenzetu wa kitengo kingine, na hatimaye tatizo lilitatuliwa na huduma ikaboreka."

Aliniuliza, "Hawa 'sisi' ni kina nani? Weye uko wapi hapa? Mbona sikuoni?"

Nikatazama karatasi. Tulikaa, tukajadili, tukagundua, tulishirikiana. Kila kitenzi kinaanza na tu-, na pale ambapo tu- imeisha kitu kimejitatua chenyewe, lilitatuliwa, ikaboreka, kama mvua ilivyonyesha.

"Nani aligundua?"

"Mimi."

"Uligunduaje?"

Nikamweleza. Chini ya printa kulikuwa na boksi la barua zilizorudishwa na posta, miezi linakaa pale, si kazi ya mtu. Siku moja mchana badala ya kula nikalibeba mpaka chumba kidogo cha vikao nikazimwaga chini sakafuni nikaanza kuzipanga. Zilikuwa 61 za wiki ile. Nikaona 44 ni za watu wanaokaa flati. Nikakaa kwenye kompyuta nikafungua faili moja moja, nikakuta namba ya flati iko kwenye mstari wa pili wa anwani, na kile kiolezo cha barua kilikuwa kinauruka mstari wa pili. Kwa hiyo barua inatoka na jina la jengo tu, inafika kwenye jengo lenye milango thelathini, tarishi anairudisha. Na barua zenyewe ndo zile za kusema tutumie karatasi fulani ndani ya siku kadhaa la sivyo malipo yanasimama. Kulikuwa na mama mmoja, barua yake imerudi mara mbili, malipo yamesimama, ana mtoto mchanga, na kwenye maelezo ya faili mtu ameandika "hakujibu". Angejibu nini? Hakuletewa kitu. Nililipeleka faili lake kwa meneja mkononi siku ile ile.

Halafu nikawapigia watu wa mifumo, wakasema kurekebisha ni wiki sita. Nikaona wiki sita ni familia nyingi sana. Nikamwomba meneja ruhusa barua zote za flati zikaguliwe kwa macho kabla ya kutoka, nikaandika mwongozo wa ukurasa mmoja, nikawaomba wenzangu wawili tushike zamu za asubuhi. Wiki ya tatu zilirudi barua 7.

Dada akaiweka kalamu chini. "Na haya yote umeyaficha kwa nini?"

Nikamwambia dada, siwezi kuandika mimi, mimi, mimi, wale wawili walikuja asubuhi na mapema na mmoja ana goti bovu, nitakuwa nawaibia. Akanijibu kitu ambacho mpaka leo nakishika. "Hapa umewataja? Hukuwataja. Ukisema 'tulishirikiana' wao nao wamepotea kama ulivyopotea weye. Andika: niliwaomba wenzangu wawili, mmoja akakagua hivi, mwengine vile. Hapo kila mtu ana chake."

Na ni kweli jamani. Mimi nilikuwa nadhani nachagua kati ya kujisifu na unyenyekevu, kumbe ile "tu-" yangu haikuwa unyenyekevu wowote, ilikuwa ukungu. Kujisifu ni kusema mimi ni hodari. Lakini kusema nilifungua barua 61, nikakuta 44 ni za flati, hapo umejisifu wapi? Umetoa ushahidi, kama mtu aliyeitwa mahakamani akasema nilikuwepo, niliona hiki, nilifanya hiki. Baba yangu asingekuwa na shida kabisa na sentensi hiyo.

Tukaandika upya hadi saa mbili usiku. Hali ilivyokuwa, maneno 40 tu, maana sisi tunapenda kuanza mbali, tunaeleza ofisi, tunaeleza historia ya ofisi, mpaka maneno 120 yameisha na bado hujafanya kitu. Kilichobaki karibu chote ni nini nilifanya na kwa nini niliamua hivyo na si vingine, hasa hicho cha kwa nini, maana bihevia yenyewe ilikuwa ya maamuzi na mchujaji anataka aone ulikuwa na njia mbili mbele yako na ulizipimaje. Mwishoni matokeo yenye namba. Nilikuwa na maneno 249.

Neno moja kuhusu hizi programu za akili bandia maana kila mtu ananiuliza. Matangazo siku hizi yanasema unaweza kuzitumia zikusaidie, ila mfano uwe wa kweli na uwe wako. Mimi nasema usiipe ikuandikie. Itakuandikia kitu kinateleza vizuri hakina boksi la barua wala sakafu, na siku ya intavyuu wakikuuliza "ulijuaje ni mstari wa pili?" utabaki unatazama kamera.

Mara ya tatu nikapata 5 na 4. Intavyuu kwa Teams, shela nimeinyoosha, watoto wamepelekwa kwa jirani. Nikapita, lakini nafasi zilikuwa zimejaa, nikawekwa kwenye orodha ya akiba, ambayo huwa hai mpaka miezi 12. Mwezi wa nne wakanipigia. Sasa ni mwaka wa pili niko EO.

Sisemi utaratibu huu hauna kasoro. Unawapendelea wanaojua kuandika, na mimi nimefanya kazi na mama mmoja wa makamo ambaye kwa kazi sote tunamwamkia, anasikiliza watu kwenye simu mpaka aliyepiga akiwa anafoka anamaliza kwa kushukuru, na ameomba EO mara sita hapiti. Maneno 250 hayambebi. Namwona kila asubuhi na inaniuma, na siwezi kusema ni haki kwa sababu tu jina lake halikuonekana. Tumeanza kukaa naye Jumatano saa ya chakula, yeye anaongea mimi naandika anachosema, kisha tunatafuta "ni-" zake ziko wapi. Anazo nyingi sana.

Sasa hivi nafasi ya HEO imetangazwa. Juzi nilimpigia baba, shikamoo baba, marahaba mwanangu, tukaongea mvua na mihogo, nikamwambia naomba tena cheo. Akauliza, "Nani amekuitia?" Nikasema hakuna baba, naomba mwenyewe, naandika nilichofanya halafu wanasahihisha. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Hebu nisomee."

Nikamsomea, nafasiri kwa Kiswahili huku naenda, yeye kimya, nasikia tu redio yake kwa mbali. Nilipofika kwenye "nikahakikisha kila mtu ameelewa utaratibu mpya" akanikatiza.

"Ngoja hapo. Ulihakikisha vipi?"

Nikasema, baba, nilikaa na kila mmoja wao nikamwambia anionyeshe kwa faili la mfano.

"Basi mbona hukuandika?"

Nimelifuta lile "nikahakikisha". Tangazo linafungwa Jumatatu usiku, na bado nina maneno 11 ya kupunguza.